Daftari la Mvua na Kibali cha Maktaba

Maktaba niliyoajiriwa kuitunza ilikuwa nyumba ya mbao na bati iliyokaa juu ya nguzo fupi za matofali, katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Tukuyu. Wakoloni waliijenga iwe ghala la mbegu. Baadaye ikawa maktaba kwa sababu vitabu vilikosa pa kukaa, na tangu hapo hakuna aliyeigusa isipokuwa mchwa.

Mtu aliyelala Rungwe siku tatu haelezwi habari za mvua. Ilipopiga kwenye bati lile, mimi na msomaji tuliongea kwa ishara. Nilikuwa na ndoo sita, kila moja na mahali pake, na nilizijua sauti zake. Vitabu vya rafu za chini nilivifunga kwenye nailoni. Siku jua lilipotoka nilivitandaza nje juu ya mikeka kama watu wanaoanika mahindi, halafu nilikaa navyo nikifungua kurasa zilizogandamana kwa kisu cha kupakia siagi. Kurasa nyingine zilikubali kuachana, nyingine zilichanika. Zilizochanika niliziweka kwenye bahasha, nikaandika juu yake zimetoka kitabu gani.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi iliporuhusiwa tena. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa tena, mitumba imetandazwa hadi kando ya barabara, na wanunuzi binafsi walipita vijijini wakigombea chai na kahawa. Huku kituoni tulipunguzwa kazini kwa makundi. Tulikuwa wanne katika maktaba, nikabaki peke yangu. Ndipo wafadhili wakaja, wakaingia mle ndani wakanusa ule uvundo, na mmoja wao akakanyaga ubao uliooza, mguu ukazama hadi gotini. Wiki chache baadaye tuliambiwa watatujengea maktaba mpya. Sharti lao lilikuwa moja: kibali cha ujenzi kipatikane kabla mwaka wao wa fedha haujafungwa. Kikikosekana, mradi unahamia kituo kingine mbali na kwetu.

Mkuu wa kituo, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na haraka ya kila kitu, alinikabidhi mimi kazi ya kufuatilia. "Wewe ndiye mwenye nyumba," alisema. "Nenda halmashauri mpaka wakuchoke."

Wala hawakunichoka. Tatizo lilikuwa injinia wa halmashauri. Alikuwa mzaliwa wa Tukuyu, mtoto wa mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu mwembamba asiyepandisha sauti. Alikuja kuangalia kiwanja chetu siku ya ukungu, akatembea kutoka juu ya mteremko hadi kwenye chemchemi iliyo chini, akarudi juu, akashuka tena. Viatu vyake vilijaa tope. Kisha akafunga jalada la ramani bila kuandika kitu.

"Mchoro ni mzuri," aliniambia. "Lakini mchoro haujui kilicho chini ya ardhi. Vitabu ni vizito, dada. Jengo hili litakuwa na uzito wa maghala mawili, na mnataka kuliweka kwenye mteremko juu ya chemchemi, katika wilaya yenye mvua hii. Nileteeni rekodi ya mvua ya hapa hapa kituoni, ya miaka mfululizo. Halafu mnionyeshe maji yanapita wapi chini."

Nilimuuliza kama hawezi kuweka masharti kwenye kibali, sisi tukaanza. Akanitazama kidogo.

"Niliwahi kuweka sahihi hivyo hivyo, nilikokuwa kabla ya hapa," alisema. "Ukuta wa zahanati uliteremka na udongo mchana watu wakiwa ndani. Fundi mmoja alipoteza mguu. Siku hizi nauliza kwanza."

Nilirudi nikaanza kutafuta.

Rekodi za mvua zilikuwa mle mle ndani, kwenye kabati la kona pasipovuja. Madaftari makubwa yenye majalada ya kitambaa, kila siku na mstari wake. Kituo kilikuwa na mpima mvua, mtumishi mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake mpaka alipofariki, miaka kadhaa kabla sijaajiriwa, na baada yake hakuajiriwa mwingine. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kipimo, akamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Niliyafungua madaftari yale nikakuta hakuna siku iliyorukwa. Sikukuu zipo. Jumapili zipo. Siku ambazo hapakuwa na mvua kuna sifuri, imeviringishwa vizuri. Nilikaa sakafuni na madaftari yale yamenizunguka, nikahisi kama nimeingia kanisani watu wameshaanza kusali.

Tulikwenda kwenye kikao cha kamati ya mipango na madaftari tisa. Mkuu wa kituo alizungumza kwa fahari, na injinia akaanza kupekua. Alipekua taratibu, akalamba kidole, akapekua. Kwenye daftari la saba akasimama.

"Huyu ni mtu mwingine," alisema.

Akageuza daftari tuone. Kweli, tarakimu zilikuwa zimebadilika. Za mwanzo zilikuwa za mtu aliyefundishwa shule: zimelala kidogo, nyepesi. Hizi zilikuwa zimesimama wima, nzito, saba ina kofia na mkanda, nne imefungwa juu kama kiti. Ziliendelea hivyo hadi daftari la mwisho. Lakini kila mwisho wa mwezi palikuwa na sahihi ya mpima mvua yule yule, isipokuwa ilikuwa inatetemeka.

Ndipo diwani mmoja, mkulima wa chai mwenye shamba jirani na kituo, akakohoa. "Samahani, mwenyekiti. Marehemu nilimfahamu. Miaka yake ya mwisho alikuwa amepooza. Hakuweza hata kujigeuza kitandani. Sasa hii mvua aliipimaje?"

Mtu mmoja wa nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Wamepika namba," na wengine wakacheka kidogo.

Injinia hakucheka. Alifunga daftari, akalisukuma kwangu. "Siwezi kutumia rekodi nisiyojua imeandikwa na nani," alisema. "Na hii ndiyo miaka ninayoihitaji, ya karibuni kuliko yote mliyo nayo. Mna wiki tatu hadi kikao kijacho."

Njiani kurudi mkuu wa kituo alikuwa amenuna. Alisema tuachane na madaftari yale, tuandike barua, tutafute mkubwa wa kumpigia injinia simu. Nilimsikiliza tu. Kichwani mwangu nilikuwa naziona zile nne zilizofungwa juu. Mtu anayepika namba huchoka. Atarudia rudia, ataweka ishirini kamili na kumi kamili. Hizi hazikuwa hivyo. Na pembeni mwa kurasa palikuwa na kitu nilichokuwa nimekiona mara nyingi nikadhani ni uchafu: alama ndogo ya penseli, mistari mitatu iliyokutana, kama mguu wa kuku. Haikuwa kila siku. Labda mara tano au sita kwa msimu.

Niliomba ruhusa ya siku mbili nikawatafute watu wa nyumbani kwa marehemu. Wazee waliobaki kituoni waliniambia mjane wa mpima mvua alirudi kwao upande wa Suma. Nilipanda lori la kubeba majani ya chai, nikaketi mbele na dereva, na kutoka barabarani nikatembea saa nzima kwenye njia ya migomba. Mimi ni mzaliwa wa Kinyala, njia za namna hiyo nazijua.

Nilimkuta anamenya ndizi mlangoni kwake, mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, kitenge amekifunga juu ya sweta la kiume. Nilimwamkia kwa Kinyakyusa nimeinama, akaniitikia, akanipa kigoda. Niliposema nimetoka kituoni, kisu kikasimama.

"Mmekuja kunishtaki?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Nimekuja kuuliza habari za daftari la mvua."

Aliendelea kumenya. Alimenya ndizi tatu nzima. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake ambacho r nyingine ziligeuka l, "Ile kalatasi niliandika mimi."

Akaendelea mwenyewe.

Mume wake alianguka asubuhi moja akitoka kwenye kipimo, gilasi mkononi. Upande mmoja wa mwili ukafa. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kituo, na mtumishi asiyeweza kazi aliondolewa. Lakini aliniambia kuwa hilo silo lililomtoa nje kesho yake. Kesho yake saa tatu ilipofika mume wake alianza kulia. Alikuwa hawezi kusema vizuri, akawa ananyoosha mkono mzima kuelekea mlangoni.

"Nikamwambia nyamaza, naenda. Nikaenda. Nikarudi na gilasi nikamwonyesha. Akasoma yeye, nikaandika mimi. Alinifundisha namba kwa kidole, juu ya blanketi. Baadaye nikawa nasoma mwenyewe, namwambia tu. Kila siku aliniuliza, leo ngapi? Nikimwambia nyingi, alifurahi. Nikimwambia sifuri, alisikitika kidogo, utadhani kosa ni langu."

"Kwa muda gani, Bibi?"

"Mpaka alipokufa. Mtoto wangu wa mwisho alianza darasa la kwanza, akamaliza la saba."

Miaka saba. Nilifikiria asubuhi zote zile, ukungu, baridi ya mwezi wa saba inayokata vidole, mama huyu ameamka, ameogesha mgonjwa, amepika, ameteka maji, na saa tatu kamili yuko kwenye kipimo. Mwisho wa mwezi alimwekea mume wake kalamu mkononi, akamshika kiwiko, sahihi ikapatikana, na ofisini hakuna aliyeuliza zaidi. Mume alipofariki alirudisha gilasi na daftari ofisini, wakamshukuru, wakampa usafiri wa kumrudisha kwao na mizigo yake. Hakuna aliyefungua daftari.

"Na hii ni nini?" Nilikuwa nimebeba daftari moja kwenye mfuko. Nikamwonyesha ile alama.

Aliipapasa kwa kidole. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hiyo ni chemchemi. Siku nyingine nikiteka maji asubuhi yalikuwa mekundu. Mume wangu alikuwa akiniuliza, kuna lingine? Nikamwambia maji ni mekundu. Akasema andika. Mimi maneno sijui kuandika. Nikaweka mguu wa kuku."

Nilimweleza basi kilichonileta: maktaba, injinia, kikao. Nikamwomba aje aseme mwenyewe. Alikataa. Alisema watu watamcheka, na marehemu ataitwa mwongo katika kaburi lake. Sikumbishia. Tulipika zile ndizi, tukala mbalaga, ndivyo kwetu tunavyoziita, na chai ya maziwa, na mchana ulikuwa umeshapinduka aliponiuliza ghafla, "Huyo injinia amesema namba zangu nimepika?"

"Kuna waliosema hivyo."

"Hata moja sikupika," alisema. Akanyanyuka kuosha vyombo. "Nitakuja."

Mkuu wa kituo hakupenda. Alikuwa na sababu zake, na sikumlaumu: tungekuwa tunakiri mbele ya halmashauri kwamba kituo cha utafiti kilikaa miaka saba bila kujua nani anapima mvua yake. Lakini nilipomweleza habari ya maji mekundu, yule mtaalamu wa udongo aliye ndani yake aliamka. Aliketi. Aliniomba daftari. Alisoma kama dakika kumi, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu," akachukua simu kumpigia injinia.

Injinia alisema hataki maneno, anataka kuona. Siku ikapangwa, saa tatu asubuhi, pale pale kwenye kipimo. Alikuja na yule diwani jirani na wajumbe wengine wawili. Bibi alikuwa amelala kwangu. Alivaa sweta lile lile na kitenge kipya, na viatu alivua mwenyewe mlangoni mwa maktaba akaviacha, akaenda peku.

Injinia alimwamkia, "Shikamoo, Mama," kwa heshima kabisa. Kisha akamweleza kuwa ameweka maji ndani ya kipimo, kiasi alichopima yeye mwenyewe kwenye maabara ya kituo, na anaomba amsomee. Gilasi ya zamani niliitoa kwenye kabati langu, ile ile yenye mistari iliyofifia.

Bibi aliishika kwenye mwanga, akaipangusa kwa pindo la kitenge. Akafungua kipimo, akamimina. Gilasi ikajaa, milimita kumi, kabla maji hayajaisha. Nikaona injinia anamtazama. Bibi alipiga magoti kwenye tope, jicho likawa sawasawa na mstari wa juu, akamwaga, akamimina tena, akapiga magoti tena. Mara ya tatu gilasi haikujaa. Hapo alikaa muda. Diwani alikuwa ameinama pembeni naye anasoma.

"Tatu na nusu," diwani alisema.

"Wewe unasoma pembeni," Bibi alimwambia bila kugeuka. "Pembeni maji yanakwea kioo. Soma katikati, pale yanapolala." Akanyanyuka, akajifuta magoti. "Ishirini na tatu, na vistari vinne juu yake."

Injinia alitoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa shati. Hakukisoma kwa sauti. Alimpa diwani, diwani akampa aliyefuata. Nilipofikiwa mimi nikaona kilichoandikwa kwa mkono wake nadhifu: 23.4. Nilikuwa nimekwisha kumwamini, hilo si jambo geni. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kuona karatasi ile ni kitu kingine.

"Naomba uandike," injinia alisema, akamfungulia daftari lake. Bibi akaandika. Nne ilifungwa juu kama kiti.

Wale wajumbe wawili walitazamana. Diwani alivua kofia yake, akaishika mkononi, na hakuivaa tena mpaka tulipomaliza.

Halafu tukaingia maktaba, injinia akatandaza madaftari juu ya meza yangu katikati ya ndoo. Alimwomba Bibi amwonyeshe miguu ya kuku, mmoja mmoja, na kila alipoonyeshwa alihesabu siku kurudi nyuma. Alifanya hivyo mara nyingi, akiandika kwenye karatasi yake, na mimi nilimwona anabadilika. Mabega yalishuka. Mwisho aliweka kalamu chini.

"Siku mbili," alisema. "Kila mara. Ikinyesha kubwa kweli kweli, chemchemi inakuwa nyekundu baada ya siku mbili. Maji yanaingia juu, yanatembea chini ya kiwanja siku mbili, yanatoka na udongo." Akamgeukia mkuu wa kituo. "Jengo lenu mlitaka kuliweka juu ya mto."

Nje ukungu ulikuwa umefungua kidogo, mteremko ulionekana wote, majani mabichi mpaka chini, ardhi ambayo nilipita juu yake kila siku nikienda na kurudi. Kumbe miaka yote hiyo maji yalikuwa yanatembea chini ya miguu yangu, na mtu pekee aliyeyajua alikuwa mama aliyekwenda kuteka ndoo.

"Sasa pako wapi pazuri?" injinia aliuliza. Hakumwuliza mkuu wa kituo, wala ramani. Alimwuliza Bibi.

Bibi alimtazama kama anayepima kama swali ni la kweli. Kisha akatoka nje, nasi tukamfuata kwa mstari. Alipanda mteremko, akapita mikaratusi, akaenda hadi kwenye ubapa mdogo uliokuwa na nyasi fupi. Alisema hapo walikuwa wanalima mahindi, na jembe lilikuwa linalia kwenye kitu kigumu, na hata masika makali mguu hauzami. Mkuu wa kituo aliita vibarua wawili, wakachimba shimo pale pale hadi kimo cha mtu. Kuta za shimo zilisimama. Chini palikuwa pakavu.

Kikao kilipofika, maombi yetu yalichukua muda mfupi kuliko nilivyozoea. Injinia alieleza, diwani jirani akaunga mkono, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyekuwa nalo. Kibali kilitolewa kwa masharti mawili: jengo lihamie kwenye ubapa wa juu, na mifereji ichimbwe kupeleka maji mbali na mteremko. Palikuwa na jambo la tatu ambalo halikuwa sharti. Injinia alitaka iandikwe kwenye jalada kwamba vipimo vya miaka ile saba vilichukuliwa na mke wa mtumishi, na kwamba halmashauri imevithibitisha kuwa ni sahihi. Karani alimuuliza kama hilo ni lazima. "Ndiyo," alisema, na karani akaandika.

Nilikwenda kuchukua ramani siku ya pili yake. Mhuri ulikuwa bado na wino mbichi, wa bluu, umegongwa kwenye kila ukurasa. Nilizishika zile karatasi kwa mikono miwili njia nzima, na mtu akinisalimia nilimwitikia kwa kichwa. Siku chache baadaye barua ya wafadhili ikaja. Tulikuwa tumewahi.

Bibi tulimwalika siku ya kuchimba msingi. Alifika kwa lori la chai, dereva akamshusha kwa adabu. Kabla ya yote nilimpeleka pembeni nikamsomea nakala ya maneno yale ya jalada, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kinyakyusa. Alisikiliza akiwa ameangalia chini.

"Wameandika ni mimi?"

"Wameandika, Bibi."

"Na yeye hawakumwita mwongo?"

"Hapana. Wameandika tu kwamba alikuwa mgonjwa."

"Ndaga fijo," alisema, asante sana, lakini hakuniambia mimi. Alikuwa anatazama upande wa nyumba za watumishi. Kisha akashika mkono wangu. "Twende nikaone wanachochimba."

Mtaro wa msingi ulikuwa umefika kina cha kifua. Mafundi walikuwa wameacha kazi, wamesimama wanatazama ukuta wa udongo, na injinia alikuwa ameshuka ndani na suruali yake nzuri. Ardhi ilikuwa imekatwa kama mkate, na ndani yake palikuwa na matabaka: udongo mweusi juu, chini yake mwekundu, halafu ukanda mweupe wa vijiwe vyepesi kama povu, halafu mweusi tena, na mweupe mwingine mwembamba chini kabisa. Mkuu wa kituo alieleza kuwa yale meupe yalitoka mlimani, zamani sana, milima hii ilipokuwa inawaka, na majivu na vijiwe vikashuka juu ya nchi yote kama mvua, vikatulia, udongo ukajengeka juu yake, vikashuka tena.

Bibi aliomba ashushwe. Injinia mwenyewe alimpokea. Alisimama mle ndani, kichwa chake kikichomoza kidogo tu ukingoni, akatoa kijiwe kimoja cheupe kwenye ukuta, akakipima mkononi kwa uzito wake, akashangaa kuwa hakina uzito. Akaweka kidole kwenye tabaka la chini kabisa na kukipandisha taratibu, rangi moja baada ya nyingine, hadi kikafika kwenye mizizi ya nyasi.

"Na huku chini zaidi?" aliuliza.

"Kuna mengine," mkuu wa kituo alijibu. "Hatujui mangapi."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Mafundi walisubiri. Hakuna aliyemharakisha, hata mkuu wa kituo.

Jengo lilichukua misimu miwili. Limesimama mpaka leo, na mimi nilifanya kazi ndani yake hadi nilipostaafu; ukuta haujapata ufa. Bibi hakupata kuliona limekamilika. Aliugua mwaka uliofuata, tukaenda Suma kumzika, injinia akiwa miongoni mwetu, amesimama nyuma kidogo na kofia yake ya kufuma kichwani. Watoto wake walituuliza sisi wa kituoni, tulioajiriwa baada yao kuhama, tulijuana vipi na mama yao, maana hakuwahi kuwasimulia. Tukakaa chini kwenye majani ya migomba, tukawaambia.